Hakuna Picha, Hakuna Bati

Jumatano, Korogwe. Mvua imeanza tangu alfajiri, rasharasha isiyo na haraka, ya kumkumbusha mkulima kwamba masika yamekaribia. Majirani wanaifurahia. Mimi nimekaa kibarazani na kikombe cha chai iliyokwisha poa, na kila ikikaza kidogo nasimama naangalia upande wa Handeni.

Nina hasira. Naliandika hilo mapema ili atakayeendelea kusoma asije akasema hakuonywa.

Najua wengi mmefika kwenye ukurasa huu kwa ajili ya ile klipu. Mmeniona nimevaa gauni la kijani, maiki mkononi, natamka maneno tisa na uwanja mzima unaangua kicheko. Mmenitumia vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Kuna aliyeniandikia kwamba ameirudia mara saba na kila mara mbavu zinamuuma. Asanteni. Sasa kaeni niwaambie mlikuwa mnamcheka nani.

Kwa asiyenijua, naitwa Mwajabu, na hapa mjini wananiita MC Mwaja. Kazi yangu ni kusherehesha. Harusi, sendofu, mahafali, ubarikio, popote penye viti vya kukodi na spika mbili utanikuta. Mimi ndiye ninayemtania bwana harusi mpaka jasho linamtoka, na ndiye ninayemwamsha mjomba aliyesinzia meza kuu. Sijui kazi nyingine na sijawahi kuionea haya hii.

Mpaka Jumamosi iliyopita.

Kwa miaka minne nimekuwa na kijishughuli kingine pembeni ya maiki. Kila anayenikodi namwomba anitolee na mabati kadhaa. Wapo wanaocheka wakidhani ni utani wangu wa kawaida, lakini wakishaona sicheki, wanatoa. Mabati nayaweka kwenye chumba cha nyuma kwa mama. Yakitosha paa moja, namtafuta fundi, tunakwenda kwa askari wa zamani, wale waliokwenda vita vya Kagera wakiwa vijana na leo ni wazee wa kushika fimbo. Kama mzee amefariki, tunakwenda kwa mjane wake. Tunaezeka, tunakunywa chai, tunarudi. Sijawahi kupiga picha hata moja. Siyo kwamba mimi ni mtu mwema sana. Ni kwamba nilifundishwa adabu ya kutoa na mtu mmoja, na mtu huyo ndiye chanzo cha yote haya.

Baba yangu alikuwa askari. Alitoka vitani salama, akafa kwa homa mimi nikiwa na miaka kumi. Mama akakaa eda humu humu ndani, miezi minne na siku kumi, kama desturi yetu Waislamu inavyotaka. Mjane hatoki. Hajipambi, hapaki wanja wala hina, hajitii manukato, wala hahami nyumba aliyoachwa na mumewe. Nyumba yetu siku hizo ilikuwa ya chumba na sebule, na unga ulikuwa wa kuhesabu vijiko.

Siku moja akaja mtu kwa baiskeli kutoka Sindeni, huko Handeni, vumbi mpaka kwenye kope, nyuma amefunga gunia la mahindi. Alikuwa Mzee Rajabu, aliyelala hema moja na baba kule vitani. Hakuingia ndani. Alikwenda dirishani kwa mama, akageuka akaupa ukuta mgongo, akatazama barabara, akatoa salamu na pole kwa Kizigua. Akiwa amesimama hivyo hivyo akamsimulia mama jinsi baba alivyokuwa mvivu wa kufua soksi, mpaka hema zima likamfanyia kikao. Nikamsikia mama anacheka ndani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuzike.

Nilimuuliza kwa nini anaongea na mama huku amegeuka. Akaniambia, "Mama yako yuko eda, mwanangu. Nimekuja anisikie. Kuonana siyo lazima."

Alishusha gunia, akakataa maji, akapanda baiskeli. Alikuja hivyo kila mwezi mpaka mama akatoka eda.

Mzee Rajabu huyo amefariki miezi miwili iliyopita. Jina lake lilikuwa kwenye orodha yangu ya mwaka huu. Nilikuwa nimeahidi kumwezekea nyumba kabla ya masika, na nikamchelewesha kwa sababu ambayo nitaisema sasa hivi. Kazikwa chini ya mvua ya vuli iliyochelewa kuisha, na waombolezaji walikaa sebuleni kwake wakisogeza mikeka kukwepa matone. Bati la nyumba ile ni la zamani sana, kutu imelila, ukiinua macho mchana unaona mbingu. Mkewe, ambaye mimi maisha yangu yote namwita Mama Hadija, akaingia eda chini ya bati hilo.

Someni sentensi hiyo tena. Mjane wa eda hahami. Hadija, binti yake, kaolewa Mnyuzi, ana nyumba nzuri isiyovuja, na hawezi kumchukua mama yake akakae kwake. Masika yakishuka kabla ya paa kubadilishwa, mama yule atakaa kwenye maji. Hilo tu ndilo lililokuwa jambo. Paa moja, kabla ya mvua.

Sababu ya kuchelewa ni mfadhili.

Mwaka jana ilinipigia simu kampuni moja ya Dar es Salaam. Walikuwa wamesikia habari zangu, wakasema wameguswa. Wakasema kwa nini nyumba moja moja, dada, wakati sisi tunaweza kukupa mabati ya nyumba saba kwa mkupuo? Wakamtuma mratibu wao, Bwana Edgar, kijana nadhifu wa kuongea taratibu. Nikaona nyumba saba mbele ya macho yangu. Nikaacha kuwaomba maharusi mabati. Sikuuliza masharti. Wahenga walishasema utakula wa chuya kwa uvivu wa kuchagua, na mimi nimekula debe zima.

Sharti lilikuwa moja. Makabidhiano yafanyike siku moja, Handeni mjini, uwanjani, mbele ya mgeni rasmi. Kila mnufaika awepo mwenyewe.

Nilimpigia Edgar wiki mbili kabla. Nikamweleza kwamba katika wale saba kuna mjane aliye eda, hawezi kufika, binti yake atampokelea. Akanijibu, "Sawa dada, tutaliangalia." Nikaridhika. Mtu mzima mimi, nikaridhika na "tutaliangalia".

Jumamosi wazee walizolewa majumbani mwao kabla jua halijatoka. Mzee Kilindo, mmoja wa wale saba, alishushwa kutoka Vugiri huko milimani, na goti lake bovu. Waliambiwa wavae nishani zao. Walifikishwa uwanjani saa mbili, wakapangwa kwenye mabenchi ya shule juani, kwa sababu turubai lilikuwa moja na lilikuwa la meza kuu. Mgeni rasmi alifika saa sita kasoro. Saa zote hizo nani alikuwa anawachangamsha wazee ili wasione jua? Mimi. Nilipaswa kuiweka maiki chini na kuuliza kwa nini turubai liko upande mmoja. Badala yake nikatoa vichekesho.

Halafu kukaja makabidhiano yenyewe. Hili naomba mnisikilize vizuri, maana hata mimi sikuamini. Kulikuwa na bati moja limepakwa rangi za kampuni, limeandikwa jina lao kwa herufi kubwa na kufungwa utepe. Mzee anaitwa, anakabidhiwa bati lile, anapigwa picha, ananyang'anywa, linakwenda kwa mwenzake. Bati moja kwa wazee wote. Likaisha kazi likarudishwa kwenye gari lao, likiwa limefutwa vumbi kwa kitambaa.

Mzee Kilindo alipolipokea alipiga saluti. Hakuna aliyemwambia, ni mwili wake tu ulikumbuka. Mpiga picha akasema hakuwa tayari, arudie. Akarudia. Akaambiwa ageukie nembo, arudie tena. Mara ya tatu mkono uliishia begani, haukufika kichwani.

Hata hapo sikusema kitu.

Lilikuwa limebaki jina moja. Nikasoma kwenye karatasi: Zaina Athumani. Kimya. Nikasoma mara ya pili. Pale upande wa kulia nikaona mkono wa mwanamke umenyooshwa, na nikamwona Edgar akimtikisia kichwa kwamba siyo yeye, anatakiwa mwenye jina. Nikasoma mara ya tatu.

Ninyi msioshika maiki hamjui kimya ni nini kwetu. Kimya cha uwanjani ni kama mtoto aliyeangukia kisimani, kila kiungo chako kinaruka. Nikafungua mdomo nikasema, "Mwacheni kwanza, bado anajipaka wanja! Kajua leo kuna kamera!"

Uwanja ukalipuka. Mgeni rasmi alicheka mpaka akavua miwani.

Ningeweza kujitetea. Ningeweza kusema kwamba sikulitambua jina, kwani kwetu mwanamke akishazaa jina lake analiachia mwanawe, na mimi Mama Hadija sikuwahi kumjua kwa jina la kitambulisho. Hilo ni kweli. Lakini hii ni shajara, na humu nimejiapiza kutodanganya. Nilipouona ule mkono nilimwona na mwenye mkono. Alikuwa Hadija. Nilishajua ni nani anayeitwa na kwa nini hayupo. Nilijua kabla sijafungua mdomo, kwa nukta moja hivi, na nukta hiyo ilitosha kabisa kunyamaza. Lakini utani ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, na ulikuwa utani mzuri.

Wanja. Kati ya maneno yote ya Kiswahili, nikamchagulia mjane wa eda neno la wanja.

Hadija alinitazama. Hakulia wala hakunitukana. Alishusha mkono, akajitanda kanga yake, akatoka uwanjani akipita katikati ya watu waliokuwa bado wanacheka.

Wale sita waliopigwa picha walipelekewa mabati yao halisi majumbani. Ya Mama Hadija yalipakiwa tena kwenye lori, yakarudishwa stoo hapa Korogwe.

Jumapili klipu ikawa imeenea. Kampuni ndiyo iliyoirusha, wakaandika kwamba furaha ilitawala. Nilijifungia ndani. Mama yangu, ambaye simu yake kwa kawaida ni ya kusikilizia mawaidha tu, alitumiwa na shoga yake. Aliitazama mara moja. Akaifunika simu mezani, akaenda uani kuchambua mchele. Mama aliyekaa eda ile, aliyecheka dirishani. Angenipiga kofi ningelala vizuri zaidi.

Jumatatu asubuhi nikaenda stoo. Nilimkuta Edgar anasimamia vijana wakikunja bango. Nikamwambia nimekuja kuchukua mabati ya Sindeni. Akasema kwa upole wake ule kwamba haiwezekani, ripoti haipiti bila picha ya mnufaika akipokea. Nikamwambia mnufaika yuko eda. Akasema analiheshimu hilo sana, basi tumfuate huko huko nyumbani, atoke nje dakika tano tu, wapige wakaondoke.

Nikamuuliza: na asipotoka?

"Dada Mwaja, mimi siyo ninayepanga. Hakuna picha, hakuna bati."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayekutajia saa. Na hilo ndilo linaloniunguza mpaka sasa hivi ninapoandika, kwamba angekuwa mtu mkorofi ningepata wa kugombana naye. Mabati yalikuwa nyuma yake, yameegemezwa ukutani, yamefungwa kamba, na karatasi imebandikwa juu: Zaina Athumani. Ya kwake. Yana jina lake. Hayana faida nyingine kwa mtu yeyote duniani ila kumfunika mama yule, na yamewekwa rehani kwa sababu ya uso wake.

Nilipaza sauti. Nilisema mengi na sijutii hata moja. Nilimwambia mume wa mama huyu hakupigwa picha alipokuwa anatambaa kwenye matope kwa ajili ya nchi hii. Nilimwambia kama wanataka sana uso, wachukue wangu, wameshautumia vya kutosha. Vijana wa bango waliacha kukunja wakanitazama wakitabasamu. Walidhani nachekesha.

Adhuhuri nilikuwa Sindeni.

Hadija alikuwa uani anapepeta mahindi. Alinijibu salamu kwa sababu alilelewa vizuri. Ni yeye aliyenieleza yaliyotokea nyuma ya jukwaa asubuhi ile ya Jumamosi. Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, Mwislamu mwenzetu mwenye kofia yake safi, alimwambia mama yake angejikaza tu aje, hii ni dharura, hata dini inaruhusu. Hadija akampigia mama yake simu mbele yao. Mama akasema, "Dharura ni ugonjwa na moto. Picha siyo dharura." Mwenyekiti akaondoka akinung'unika kwamba watu wengine hawasaidiki.

Hawasaidiki! Mtu anavujiwa kwa miaka, anaombwa kitu kimoja tu asichoweza kukitoa, akikataa anaambiwa hasaidiki.

Nilizunguka nyumba mpaka kwenye dirisha la chumba chake. Nikageuka, nikaupa ukuta mgongo, nikatazama njia. Sikupanga kufanya hivyo, miguu yenyewe ilijua pa kusimama. Nikasema shikamoo. Akaitikia. Nikamwambia mimi ni Mwajabu, binti wa yule mvivu wa kufua soksi, na nimekuja kuomba radhi. Nikasema kila kitu, hata ile nukta moja, kwamba nilijua na bado nikasema. Nilipomaliza nilisubiri.

"Nimesikia," alisema.

Basi. Niliendelea kusimama muda mrefu, na ndani nikasikia tasbihi ikihesabiwa. Nikaondoka. Maji yakimwagika hayazoleki, nilikuwa nimelijua hilo tangu njiani.

Alasiri hiyo hiyo simu ikaita, ni Mzee Kilindo wa Vugiri. Hakugusia klipu, hakugusia saluti. Aliulizia mvua huku chini, akaulizia afya ya mama, halafu akasema kama jambo dogo tu, "Mwanangu, yale mabati yangu fundi ameyapima, naona yamezidi matatu. Yatakaa tu huku yashike kutu. Huna mtu wa kumpa?"

Baada yake akapiga mzee wa Mnyuzi. Yake yamezidi manne. Kabla ya magharibi walikuwa wameshapiga watano, na mwisho mjane wa Misima, yeye yake yamezidi mawili tu, akaomba samahani kwa uchache.

Nyumba zile nilizipima mimi mwenyewe kwa kamba, moja baada ya nyingine. Najua kila paa linahitaji mabati mangapi. Hakuna hata bati moja lililozidi.

Nilikaa chini nikalia. Wazee hawa walipangwa juani tangu asubuhi, wakashikishwa bati la maigizo, na bado ndio waliokuwa wanatafuta uongo wa heshima ili mwenzao asijisikie anasaidiwa. Na kampuni nzima yenye maghorofa ikashindwa kuwa na adabu ya mzee mmoja wa Vugiri.

Jana, Jumanne, tuliezeka. Mabati yalifika kwa namna zote, juu ya gari la mboga, kwenye bodaboda, mengine kwenye baiskeli. Fundi wangu wa siku zote alikuja na misumari. Mama Hadija alihamia sebuleni tukaezeka chumba, na tulipofika juu ya sebule akarudi chumbani, wala hakuna jicho la mwanamume lililomwona. Mzee Kilindo aliteremka na goti lake. Hakuweza kupanda, akakaa uani na wenzake wawili wakinyoosha misumari iliyopinda. Niliwatazama nikagundua kwamba wote watatu wamegeuza vigoda. Walikuwa wameipa nyumba migongo, wanapiga soga wakitazama mashamba, na wakati mwingine mmoja alipaza sauti kidogo akisimulia jambo la marehemu Rajabu, wala hakuwa anawasimulia wenzake.

Yalitosha chumba chote na nusu ya sebule. Nusu nyingine tumefunika turubai. Mabati yenye jina lake bado yako stoo. Sijasahau.

Edgar alipiga tukiwa bado juu ya kenchi. Habari zilikuwa zimemfikia. Alifurahi sana, akasema hii ni hadithi nzuri mno, nimtumie picha ya paa jipya, na kama inawezekana tutundike bango kidogo tu, waiweke kama awamu ya pili ya mradi. Nilimjibu. Nililomjibu siliandiki, mama husoma humu. Leo asubuhi nimewarudishia fulana zenye nembo walizonigawia na nimewaambia jina langu walitoe kwenye kila walichokiandika. Klipu wamekataa kuitoa. Wanasema inapendwa.

Basi na iendelee kupendwa. Ila kila atakayeitafuta atakutana na maandishi haya pia, na hatacheka kama alivyocheka mwanzo. Hiyo ndiyo sababu naandika hadharani jambo ambalo ningetamani kulizika.

Jana kabla sijaondoka nilirudi tena dirishani kuaga. Nikageuka kama kawaida. Nikamwambia Mama Hadija tunaondoka, turubai lile ni la muda, paa nitalimaliza hata kwa kung'oa bati langu. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenituma dukani:

"Mwajabu. Nikitoka eda, watakuja kina mama kunikogesha na kunivisha. Wanja sitaki anipake mwingine. Uje unipake wewe."

Mimi, ambaye kimya cha nukta tatu kinanitia wazimu, nilisimama pale mpaka Hadija akaja kunishika mkono.

Mvua imekaza sasa. Nimempigia Hadija, anasema chumbani ni pakavu, turubai linapigapiga lakini limeshika. Hasira yangu iko pale pale, na nimeamua isitoke mpaka nusu ile ya sebule ifunikwe. Wenye harusi zenu, jiandaeni. Nimerudi kwenye kuomba mabati, na safari hii siombi kwa utani.

Mama kanisikia nikizungumza na Hadija. Ameinuka bila neno, ameingia ndani, amerudi na kile kichupa chake cha wanja cha shaba, alichopakiwa nacho siku alipotoka eda ya baba. Amekiweka karibu na kikombe changu cha chai, akarudi kwenye mchele wake.

Zimebaki siku kama sabini. Nitakwenda Sindeni na wanja. Maiki nitaiacha nyumbani.